Siri za Mbinguni na Hasira za Nyumbani

Wahenga walinena kwamba hasira ni hasara, wala hawakukosea. Askari aliyeshinda juani zamu nzima, kisha akakaripiwa na mkubwa wake mbele ya wenzake, hurejea nyumbani hali amebeba maneno ambayo hakuthubutu kuyajibu. Mlangoni hukutana na mtoto aliyevunja bilauri, au na mke anayemkumbusha karo ya shule. Basi yale aliyoyameza kazini huyatapika nyumbani, na wanaoyapokea ni wale wasiokuwa na hatia wala uwezo wa kujitetea. Hali hii haina taifa wala zama, na kila dini imeitafutia dawa.

Miongoni mwa dawa hizo imo moja iliyotoka mahali ambapo wengi wasingefikiri kuitafuta, nayo ni katika elimu ya siri ya Wayahudi iitwayo Kabala. Walio wengi wanapolisikia jina hilo hudhani kuwa ni mambo ya hirizi, ramli na kupiga hesabu za herufi ili kujua yatakayokuja. Mambo hayo yamekuwapo pembeni mwa elimu hii, na hata leo wako wafanyabiashara wanaouza nyuzi nyekundu za kufunga mkononi kwa jina la Kabala. Lakini mabingwa wake wakubwa, walioishi zaidi ya miaka 400 iliyopita katika mji mdogo wa mlimani, waliielekeza elimu hiyo upande mwingine kabisa. Waliitumia kujiuliza maswali ya kila siku: Mtu amtendeje aliyemtukana? Amlipe lini kibarua wake? Amtazameje mkewe? Na afanye nini hasira inapompanda?

NENO NA MAANA YAKE

Kabala ni neno la Kiebrania, na maana yake ni mapokeo, yaani jambo lililopokewa kutoka kwa waliotangulia. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na kwa hiyo mzizi wa neno hilo si mgeni masikioni mwa Mswahili. Ndio mzizi uliozaa katika Kiarabu maneno ambayo Kiswahili kimeyarithi, kama vile kukubali na kibla. Hali kadhalika hekima ni ndugu wa hokhma ya Kiebrania, na sadaka ni ndugu wa tzedaka.

Elimu hii ilichipuka katika karne ya 12 na ya 13 miongoni mwa Wayahudi wa kusini mwa Ufaransa na wa Hispania. Kitabu chake kikuu, kiitwacho Zohar, yaani Mng'ao, kilianza kuonekana huko Hispania katika miaka ya 1280 mikononi mwa mtu aitwaye Moses de León. Waumini hukinasibisha na Rabi Shimon bar Yohai, aliyeishi Galilaya katika karne ya 2, ilhali wanahistoria walio wengi husema kuwa sehemu yake kubwa iliandikwa na de León mwenyewe pamoja na wenzake.

Fundisho lake la msingi laweza kuelezwa kwa ufupi. Dhati ya Mungu haifikiwi na akili ya mwanadamu, ndiyo maana wanakabala humwita Asiye na Mwisho. Lakini Mungu hujidhihirisha kwa viumbe wake kwa njia ya sifa 10, ambazo wao huziita sefiroti. Sifa hizo ni Taji, Hekima, Ufahamu, Rehema, Nguvu, Uzuri, Ushindi, Fahari, Msingi na Ufalme. Walizichora mara kama mti na mara kama umbo la mtu: Rehema ndiyo mkono wa kuume, Nguvu ndiyo mkono wa kushoto, na Uzuri umekaa kifuani katikati ya mikono hiyo miwili. Na kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, wakasema kwamba kila atendalo mtu hapa chini, hata likiwa dogo namna gani, lina mwangwi wake huko juu.

MJI WA SAFED

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Maelfu kwa maelfu walitawanyika huku na huko, na wengi wakapata hifadhi katika nchi za dola ya Waturuki wa Othmani. Dola hiyo ilipoitwaa Palestina mwaka 1516, baadhi ya wakimbizi walipanda hadi Safed, mji ulioko juu ya milima ya Galilaya, ambao sasa umo katika nchi ya Israeli. Huko walifuma nguo za sufu, wakafanya biashara, na usiku wakakesha wakisoma.

Yafaa ikumbukwe kwamba watu hao hawakuwa watawa waliojitenga na dunia. Walikuwa na wake na watoto, madeni na majirani, na wengi wao walikuwa watoto au wajukuu wa watu walionyang'anywa kila kitu. Kwao swali la namna ya kuishi na hasira na uchungu halikuwa la vitabuni tu.

Katika mji huo mmoja walikutana watu ambao majina yao hayajasahaulika. Alikuwapo Joseph Karo, aliyetunga kitabu cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565, ambacho Wayahudi wengi hukifuata hadi leo. Alikuwapo Solomon Alkabetz, mtunzi wa utenzi wa kuikaribisha Sabato. Na alikuwapo shemeji yake Alkabetz, Moses Cordovero, aliyezaliwa mwaka 1522, akaanza kusoma Kabala akiwa na umri wa miaka 20 hivi, na mwaka 1548 akawa amekwisha maliza kitabu kikubwa cha kuzipanga hoja zote za elimu hiyo.

Hata hivyo, kitabu cha Cordovero kilichosomwa na watu wengi zaidi si hicho kikubwa. Ni kijitabu chembamba kiitwacho Mtende wa Debora, kwa kumbukumbu ya yule nabii mwanamke wa Biblia aliyekuwa akiketi chini ya mtende kuwaamua watu. Kilichapwa Venice karibu miaka 20 baada ya mwandishi kufariki dunia mwaka 1570. Kina sura 10 tu, na shabaha yake ni moja: kuzichukua zile sifa za Mungu, moja baada ya moja, na kumwonyesha mtu wa kawaida namna ya kuziiga.

NGUVU NI AMANA

Cordovero anaanza na maneno ya nabii Mika, sura ya 7, ambamo wanakabala waliona sifa 13 za rehema ya Mungu. Sifa ya kwanza ni uvumilivu, na namna anavyoieleza humfanya msomaji anyamaze kidogo.

Anasema kwamba hakuna dakika hata moja ambayo mtu huishi bila nguvu anayopewa na Mungu dakika ile ile. Kwa hiyo mtu anapouinua mkono wake kutenda dhambi, nguvu inayouinua mkono huo imetoka kwa Yule Yule anayeasiwa. Mungu angeweza kuikatiza nguvu hiyo na mkono ukakauka palepale, kama ulivyokauka mkono wa mfalme Yeroboamu. Lakini hafanyi hivyo. Huvumilia aibu, na huku anaendelea kutoa. Basi mtu naye, asema Cordovero, avumilie hivyo hivyo anapotukanwa, wala asimnyime mema yule aliyemkosea.

Fundisho hilo lina uzito wa pekee kwa kila mwenye mamlaka. Cheo ni nguvu. Silaha ni nguvu. Sauti ya baba nyumbani ni nguvu, na hata fimbo ya mama jikoni ni nguvu. Kwa mujibu wa Cordovero, hakuna hata moja kati ya hizo iliyo mali ya mwenye kuishika. Zote ni amana, na kila zinapotumiwa kumwonea mnyonge, zinatumiwa kinyume cha matakwa ya Mwenyewe aliyezitoa.

Katika sifa nyingine anafundisha kwamba Mungu halitumi jeshi la malaika kuisafisha dhambi ya mtu, bali huisafisha kwa mkono wake mwenyewe. Kutokana na hilo, mtu asione haya kumsaidia mwenzake aliyechafuka. Na tena anasema kwamba mkosaji anapotubu, Mungu humsogeza karibu kuliko alivyokuwa kabla ya kukosa. Mzazi anayemsamehe mtoto kwa maneno lakini akaendelea kumkumbusha kosa lake kila siku ya Mungu hajaijua bado sifa hiyo.

UKAGUZI WA USO

Askari anajua maana ya ukaguzi wa gwaride: ofisa hupita akitazama kofia, vifungo, mkanda na viatu. Cordovero naye, katika sura ya pili, anafanya ukaguzi wake, ila yeye hakagui mavazi. Anakagua uso.

Paji la uso lisiwe gumu, bali liwapokee watu wote, na hata wale wanaokuja na hasira litafute kuwatuliza. Masikio yafungwe yasisikie masengenyo, yafunguliwe kwa habari njema. Macho yasiyakodolee mambo ya aibu, lakini yawe wazi kumwona mwenye shida. Puani isitoke pumzi ya ghadhabu. Uso wote ung'ae daima ili kila ajaye apokelewe kwa bashasha. Na kinywa kisitoe ila jema.

Cordovero hakuwa mtu wa ndoto. Alijua kwamba hakuna awezaye kuyashika hayo yote kwa siku moja, ndiyo sababu akashauri kwamba mtu ajizoeze kidogo kidogo. Kwa kiburi, ambacho ndicho mama wa hasira, alitoa dawa kadhaa: kuikimbia heshima badala ya kuifukuzia, kuyakumbuka makosa yako mwenyewe, na kujizoesha kuwapenda watu wote kama ndugu, hata wale waovu.

MKONO WA KUUME NA MKONO WA KUSHOTO

Wanakabala hawakufundisha upole mtupu. Katika ule mchoro wao wa sifa 10, Rehema na Nguvu ni mikono miwili ya mwili mmoja. Rehema hutoa bila kipimo. Nguvu, ambayo pia huitwa Hukumu, huweka mipaka, hukataza na huadhibu. Dunia isingesimama kwa mkono mmoja. Mvua isiyokoma ni gharika, na sheria isiyojua huruma ni jela.

Kitabu cha Zohar kinafundisha jambo la kutisha kuhusu mkono wa kushoto. Kinasema kwamba Hukumu ikitengana na Rehema, ikaachwa ifanye kazi peke yake, hapo ndipo uovu unapopata mizizi. Kwa maneno mengine, uovu haukutoka mbali. Ni adhabu iliyosahau sababu yake. Polisi anayemkamata mhalifu kwa mujibu wa sheria anautumia mkono wa kushoto ipasavyo. Akianza kumpiga mtu aliyekwisha fungwa pingu, hukumu imekwisha tengana na rehema, na kinachobaki si sheria tena.

Nyumbani mambo ni hayo hayo. Mtoto asiyekatazwa kitu hukua hajui mpaka wake na wa mwenzake. Mtoto anayechapwa kwa kila kosa hujifunza kitu kimoja tu, nacho ni kujificha. Kati ya mikono hiyo miwili wanakabala waliweka Uzuri, kwa kuwa waliona kwamba uzuri wa mtu, kama ulivyo uzuri wa nyumba, hutokana na kuviweka vitu viwili katika kipimo chake.

Cordovero anaongeza neno moja juu ya Nguvu. Asema kwamba mtu asiiamshe nguvu ya matamanio yake kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Akiwa hana budi kuiamsha, basi aielekeze kwa mkewe: ampatie mavazi, amtengenezee nyumba, ampambe.

HASIRA HUIFUKUZA ROHO

Mwaka ule ule aliofariki Cordovero, aliingia Safed mtu mwingine kutoka Misri. Jina lake ni Isaac Luria, mzaliwa wa Yerusalemu, aliyekuwa na umri wa miaka 36. Huko Misri alikuwa amefanya biashara, na baadhi ya karatasi zake za biashara zimehifadhiwa hata leo. Aliishi Safed miaka miwili tu, akafa kwa tauni mwaka 1572. Hakuandika sana. Mafundisho yake yaliwekwa katika maandishi na mwanafunzi wake, Hayim Vital, nayo yakaenea katika Wayahudi wote duniani.

Luria alifundisha kwamba hapo mwanzo wa uumbaji nuru ya Mungu ilimiminwa katika vyombo, navyo havikuweza kuihimili, vikapasuka. Cheche za nuru zikatawanyika zikazama katika kila kitu: katika chakula, katika mawe, katika kazi za mikono, hata katika mambo duni. Kazi ya mwanadamu ni kutengeneza, yaani kuziokota cheche hizo na kuzirudisha mahali pake kwa matendo mema na kwa nia safi. Watu waliofukuzwa makwao walilielewa fundisho hilo mara moja. Wao wenyewe walikuwa vipande vya chombo kilichovunjika.

Lakini mtu aliyeisikia hadithi hiyo kubwa ya vyombo na cheche angeshangaa kuona Luria alikuwa mkali zaidi juu ya nini. Vital anaandika kwamba mwalimu wake aliiogopa hasira kuliko makosa mengine yote. Sababu yake ni hii: makosa mengine hukijeruhi kiungo kimoja cha nafsi, na kiungo hicho chaweza kutibiwa. Hasira huifukuza nafsi takatifu yote kwa mara moja. Mtu aliyekasirika ni nyumba ambayo mwenyewe ametoka, na mlango umeachwa wazi kwa yeyote apitaye.

Vital anajitolea mfano yeye mwenyewe. Alikuwa akimfundisha ndugu yake, na ndugu huyo aliposhindwa kuelewa kama alivyotaka, Vital alikuwa akimkasirikia. Yamkini angejitetea kwamba hasira hiyo ni ya heri, kwa kuwa lengo lake ni elimu ya dini. Luria hakuikubali. Alimwonya na kumkemea hata kwa hiyo.

Wazazi wangapi jioni huketi na mtoto na daftari la hesabu, na baada ya robo saa daftari limeloa machozi? Sajini wangapi hudhani kwamba kuruta hafundishiki ila kwa matusi? Jawabu la Luria kwa wote hao ni moja. Jambo jema halifundishwi kwa hasira, kwa sababu anayefundisha hayupo tena mahali pale.

UJIRA, WANYAMA NA WAGONJWA

Torati iliamuru kwamba kibarua maskini alipwe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua. Wengi waliisoma amri hiyo. Luria, kama asimuliavyo Vital, aliitekeleza kwa namna ya pekee. Ikiwa hakuwa na fedha za kumlipa mfanyakazi, aliichelewesha sala yake ya alasiri mpaka azipate na amlipe kwanza. Mtu aliyeheshimiwa na mji mzima kwa sala zake aliona kwamba hawezi kusimama mbele ya Mungu na huku deni la maskini liko mfukoni mwake. Wale walio na yaya, mpishi au mlinzi nyumbani, ambao mshahara wake husogezwa wiki hadi wiki, wanaweza kulitafakari hilo.

Cordovero naye, katika sura ya Hekima, anasema kwamba rehema ya mtu yapasa iwafikie viumbe wote, kwa kuwa wote wameumbwa kwa hekima ile ile. Mmea using'olewe bila haja. Mnyama asiuawe bila haja, na anapochinjwa atafutiwe njia isiyomtesa. Katika sura ya Rehema anaorodhesha kazi ambazo kila mke na mume wa kijijini anazijua: kumtunza mtoto mchanga, kumtembelea mgonjwa, kumpa maskini, kumkaribisha mgeni, kumzika maiti, kusaidia harusi, na kuwapatanisha waliogombana. Kila moja kati ya hizo ameipa mahali pake katika siri za mbinguni.

MKE NA SABATO

Kuhusu mke, Cordovero anakumbusha neno la kale la marabi na kulifanya kanuni ya rehema. Mume anapoona kasoro kwa mkewe, aseme moyoni kwamba yamtosha kuwa mke huyu amemlelea watoto na kumkinga na uovu. Yaani akumbuke mema kabla ya kulitaja baya. Anasema ndivyo Mungu anavyowatazama watu wote.

Si vema kuwapamba walimu hawa kupita kiasi. Walikuwa wanaume wa zama zao. Wanawake hawakuingizwa katika vikao vyao vya kusoma, na mengi waliyoandika yaliwahusu watu wa dini yao peke yao. Hata hivyo, mizani waliyoitumia kumpima mume haijachakaa.

Ijumaa jioni jua likikaribia kuzama, Luria na wanafunzi wake walivaa mavazi meupe wakatoka nje ya mji kuipokea Sabato, kama watu wanaokwenda kumlaki bibi arusi. Utenzi wa Alkabetz wa kuikaribisha Sabato umeenea toka Safed hata ukafika mahali ambapo mtunzi wake hakupajua: kwenye vilima vya karibu na Mbale, mashariki ya Uganda.

Huko wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na mwanajeshi. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyeziteka sehemu za mashariki kwa niaba ya Waingereza, kisha akakosana nao na kujitenga. Kwa kuisoma Biblia peke yake aliamua kufuata sheria za Musa, akatahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919, na akafariki mwaka 1928. Kakungulu hakusoma Kabala. Lakini wafuasi wake walipoipata sala ya Ijumaa ya Wayahudi, utenzi wa Alkabetz uliwafikia pamoja nayo. Serikali ya Idi Amin iliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, na waliobaki walisali kwa siri hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1979. Sasa huuimba utenzi huo hadharani, kwa sauti na mahadhi ya Kiafrika.

SIRI BILA MWENENDO

Elimu hiyo hiyo iliwahi kuleta maangamizi. Mwaka 1665 mtu wa mji wa Izmir aitwaye Shabbetai Zevi alitangazwa kuwa ndiye Masihi, na wapiga mbiu wake walitumia lugha ya Luria ya cheche na vyombo. Alifundisha kwa vitendo kwamba mjuzi wa siri anaweza kuvunja sheria. Wayahudi wengi wa Asia na Ulaya waliamini, na wako waliouza nyumba zao wakingoja safari ya kurudi Yerusalemu. Mwaka 1666 alifikishwa mbele ya Sultani, akasilimu kuokoa roho yake. Waliomwamini wakabaki na aibu, na wengine bila makao.

Ndiyo maana mwaka 1756 baraza la marabi lililokutana Brody, katika Ulaya ya Mashariki, liliweka masharti: asiyefikisha miaka 30 asisome Zohar, na asiyefikisha 40 asisome maandiko ya Luria. Ni ajabu kukumbuka kwamba Luria mwenyewe alikufa akiwa na miaka 38. Hofu ya marabi hao haikuwa juu ya umri tu. Walikuwa wamekwisha ona kwamba mtu anayetaka siri za mbinguni kabla hajaitawala hasira yake, ulimi wake na tamaa yake, huzigeuza siri hizo kuwa silaha.

YA KUSHIKA NYUMBANI

Mkristo au Mwislamu hahitaji kubadili dini ili afaidike na watu wa Safed, maana mengi waliyosema atayakuta kwake pia. Walichoongeza wao ni utaratibu, na utaratibu ni jambo ambalo familia ya askari inalifahamu.

La kwanza ni hesabu ya usiku. Zohar inawasifu watu ambao kabla ya kulala huyapitia matendo ya siku nzima, kama mwenye duka anavyofunga daftari lake. Dakika chache zatosha: Nani nimemwumiza leo? Nani namdai msamaha, na nani ananidai?

La pili ni mwenza. Cordovero aliwaagiza wafuasi wake kwamba kila mmoja akutane na rafiki yake siku ya Ijumaa na kuyazungumza waliyoyatenda juma zima. Mtu hujidanganya kwa urahisi akiwa peke yake. Mume na mke wanaweza kufanya hivyo wakinywa chai, au askari wawili wanaoaminiana baada ya lindo, kwa sharti kwamba yanayosemwa hapo hayatoki nje.

La tatu ni kulipa kwanza. Kabla ya kununua kitu kipya mwisho wa mwezi, alipwe yule aliye chini yako.

La nne ni kusitisha somo. Mzazi anayehisi hasira inampanda akiwa anafundisha, aweke kalamu chini. Hesabu itangoja hadi kesho. Mtoto aliyevunjika moyo hangoji.

La tano na la mwisho ni desturi iliyotoka kwa Luria, ambayo bado imechapwa katika vitabu vingi vya sala vya Wayahudi. Alfajiri, kabla hajaanza kusali, mtu hutamka kwamba anaipokea juu yake amri ya kumpenda jirani yake kama nafsi yake. Neno la Kiebrania linalotumika hapo kwa kupokea limetoka katika mzizi ule ule uliozaa Kabala, na ambao umemletea Mswahili neno kukubali. Baada ya vitabu vyote vya siri, mwalimu wa Safed alitaka mtu aianze siku kwa neno hilo moja, na jirani wa kwanza wa kila mtu ni yule aliyelala naye chini ya paa moja.